Majani ya Isale Kwenye Landrova

Kutoka Sumbawanga hadi Himo tulitumia siku nane. Lori lilibeba maharage, dereva alikuwa mtu wa kusinzia, na mimi nilikuwa utingo mwenye leseni safi ambaye hakuaminiwa usukani. Tulilala Tunduma, tukalala Mbeya, tukakaa Makambako siku mbili tukisubiri springi ya nyuma kwenye baridi ambayo sijaisahau. Mikumi tulisimama kuwapisha tembo, na dereva akapata usingizi wake wa pekee uliokuwa halali. Korogwe tulikula machungwa hadi midomo ikawasha. Same upepo uliichukua kofia yangu, nikaiona ikienda zake porini kama iliyokuwa na safari yake.

Nilikuwa na miaka thelathini na tano. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kukaa mahali zaidi ya miaka miwili. Nilikuwa nimepiga matofali Songea, nimeuza dagaa Kigoma, nimeponda mawe Geita. Mama yangu alikuwa akisema nyayo zangu zimepakwa pilipili. Safari ile nilikusudia kufika mpakani Tarakea, niuone upande wa pili, kisha nirudi. Lakini tulipofika Himo giaboksi ilikufa, tajiri wa lori akasema kwa simu tusubiri nyingine kutoka Dar es Salaam, na kusubiri kule kukawa wiki tatu. Dereva alilala. Mimi nikawa nashusha magunia kwa watu ili nipate chakula.

Siku moja mvua ikiwa imenyesha, nilipanda na wafanyabiashara wa ndizi kwenda milimani kupakia mzigo. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kwenye kona tukakuta landrova ya zamani, rangi ya kijani iliyopauka, imezama matope hadi ekseli. Pembeni alisimama mzee mrefu mwenye koti la suti na mabuti ya mpira, anaitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mtoro.

Nilishuka, nikaona aliyekuwa akiendesha anakanyaga mafuta bure na kujichimbia shimo. Nikamwomba anipishe. Nilipunguza upepo matairi ya nyuma, nikaweka mawe na matawi ya mgrevilia, nikarudi nyuma kidogo, nikaenda mbele kidogo, ikatoka. Yule mzee alikuja dirishani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Una leseni?"

"Ninayo."

"Ukoo gani?"

"Mimi si wa huku, mzee. Natoka Sumbawanga."

Uso wake ukafunguka. "Huna shangazi huku? Huna shemeji?"

"Sina mtu yeyote."

"Basi wewe ndiye ninayekutafuta. Dereva wa huku kila kilima ana shemeji. Mkutano wa saa nne tunafika saa nane."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Watu wote walimwita Mheshimiwa, nami nikamwita hivyo, ingawa nilipokuja kumjua hakuwa na uheshimiwa wowote wa kisheria. Alikuwa mbunge wa zamani. Alianza kama mwalimu wa kilimo wa sekondari, na nusu ya watu wazima wa milima ile walikuwa wamewahi kushikishwa jembe naye. Kutoka ualimu akagombea udiwani, akashinda. Kutoka udiwani akagombea ubunge, akashinda kwa kishindo, wakambeba juu juu hadi kiatu kimoja kikapotea. Kiatu kile hakikuonekana tena, na alipenda kukitaja kama kitu pekee alichowahi kuwapa wananchi bila kuombwa. Baada ya miaka mitano akagombea tena, akaangushwa. Sasa miaka mingine mitano ilikuwa inakaribia kuisha, chama chake kilikuwa kimempitisha, na alitaka kurudi.

Sababu ya kuangushwa kwake niliipata kwa dada yake.

Dada yake alikuwa amemzidi miaka michache, naye aliishi mteremkoni, chini kidogo ya nyumba yake, kwenye kihamba kilekile cha baba yao kilichogawanywa. Kihamba ni shamba la nyumbani, kahawa chini na migomba juu yake, na nyumba katikati. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa majani marefu ya kijani, na njia nyembamba iliyokuwa imeanza kuota nyasi kwa sababu wenye nyumba hawakutembeleana. Mimi ndiye niliyeitumia. Kila Jumapili baada ya misa mama yule aliniita, akanipa bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, uliofunikwa kwa sahani.

"Huu ni wako, dereva."

"Ahsante mama, lakini bakuli ni kubwa."

"Najua ni kubwa. Ukishiba usimwage. Na mtu akiuonja usimwambie umetoka wapi."

Nilipeleka juu. Mheshimiwa alikula nusu yake, akaramba kijiko, akasema, "Mpishi wa mtori huu ana chumvi nyingi kama kawaida yake." Jumapili iliyofuata nilipeleka bakuli tupu chini, na mama akauliza kama mtori ulikuwa na chumvi. Wiki nzima hawakusema lolote zaidi ya hilo.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Tangu zamani za babu zao, maji ya kijiji yalishuka kutoka msituni kwa mfongo, yaani mfereji wa kuchimbwa kwa mkono unaopita kihamba kwa kihamba, kila ukoo na zamu yake. Mheshimiwa alipokuwa mbunge alileta bomba. Lilikuwa jambo zuri, watu walicheza. Lakini mafundi waliliweka bomba kwenye chemchemi ileile iliyolisha mfongo, wakaichukua yote. Vijiji vya barabarani vikapata maji ya kunywa. Vihamba vya chini vikakauka. Migomba ya dada yake ikawa myembamba kama vidole, na mfongo ukajaa majani makavu na mijusi.

Wazee walimwendea wakamwomba aseme neno. Alikataa. Hata mimi aliniambia hivyohivyo, tukiwa njiani kutoka Mkuu, akipiga dashibodi kwa kiganja: "Nimewaletea bomba! Niombe msamaha kwa kuleta bomba? Mwalimu aombe radhi kwa kufundisha?" Basi siku ya kura kijiji chake mwenyewe kilimnyima. Kura alizopata pale nyumbani zilikuwa chache kiasi kwamba watu walikaa baa wakazitaja kwa majina. Dada yake alitangaza mbele ya kanisa kwamba yake haikuwamo.

"Nitashinda kote," alinieleza Mheshimiwa kabla ya kampeni kuanza, "lakini nikishindwa pale kwetu tena, sijui nitamzika nani na nani atanizika mimi." Alicheka baada ya kusema hivyo, ila kicheko hakikuendelea. Nilielewa kwamba ubunge ulikuwa jambo moja, na kile kijiji kilikuwa jambo lenyewe.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alikuwa amelala Moshi mjini, na angekuja kwa gari la chama moja kwa moja hadi uwanja wa shule ya kijijini kwao. Mimi nilikuwa na landrova kule nyumbani, na spika tulizokodi kwa mfanyabiashara mmoja karibu na soko la Moshi, ambaye alinifundisha kuzifunga na akanionya nisizilowanishe. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na kutangaza mkutano. Nilioga, nikafuta gari vizuri. Lakini hata likiwa safi lilionekana limezeeka. Sumbawanga, gari la harusi au la timu iliyoshinda hupambwa kwa majani mabichi. Nikasema hili nalo lipendeze.

Nikatazama huku na huku. Migomba sikuigusa, nilijua hawa watu na migomba yao. Kahawa ndiyo kabisa. Ule ua kati ya nyumba mbili ulikuwa na majani mazuri ajabu, marefu, magumu, yanayong'aa. Nikakata mzigo mzima. Nikayafunga mbele kwenye grili, nikayafunga kwenye vioo viwili vya pembeni, nikaweka fungu kubwa juu kati ya spika. Nikarudi nyuma hatua chache, nikatazama, nikafurahi sana.

Nilipofika kwenye kilima cha kwanza nikapunguza mwendo, nikaanza: "Anakuja! Anakuja mwana wa nyumbani! Leo uwanja wa shule!" Kawaida watu wa pale wangenijibu kwa mzaha, wangeuliza kama kutoka kwetu Sumbawanga, kwa wachawi, nimeleta ungo wa kupaa nao. Siku ile walitoka vibarazani wakanyamaza. Mwanamume mmoja alivua kofia. Mama mmoja aliweka chini mkungu wa ndizi aliokuwa ameubeba kichwani, akajipangusa macho kwa ncha ya kanga. Nikadhani ni muziki niliochagua.

Mbele ya kilabu cha mbege, pombe yao ya ndizi, mzee mmoja alisimama katikati ya barabara, nikafunga breki.

"Shikamoo meku," nikasema, ndivyo wazee wa kule wanavyoitwa.

"Marahaba. Haya majani, amekutuma yeye?"

Nilitaka kumjengea heshima bosi wangu. Nikajibu bila kupepesa macho: "Ndiyo meku. Yeye mwenyewe."

Mzee alilishika jani moja, akalipapasa kama kitambaa cha bei ghali. Kisha akageuka kilabuni akasema kitu kwa Kichagga, na watu wote wakatoka, wengine na vibuyu mkononi, wakaanza kulifuata gari kwa miguu. Nilipofika uwanjani nilikuwa na msafara nyuma yangu. Waliokuja walikuwa wengi kuliko mkutano wowote niliowahi kuuona, nao walikaa kwa utulivu kama kanisani. Nilijiona dereva bora kabisa wa mkoa mzima.

Gari la chama likaingia. Mheshimiwa akashuka akipunga mkono, akaiona landrova, mkono ukabaki hewani.

Alinijia taratibu. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mheshimiwa. Nimepamba."

"Umepamba."

"Yanapendeza, au siyo?"

Akakaa kwenye bampa. Akanieleza kwa sauti ndogo, watu wote wakituangalia. Majani yale yanaitwa isale. Hupandwa mipakani na makaburini, na mtu akimkosea mwenzake kosa zito, hulichukua jani lile na kumpelekea, bila maneno mengi, na maana yake ni moja: nimekosa, nisamehe. Aliyepelekewa isale hakatai. Akikataa, ukoo wote unamwogopa. Mimi nilikuwa nimepitisha mzigo mzima wa isale kwenye vilima vyote, na spika juu, na kumwambia mzee wa watu kwamba Mheshimiwa ndiye aliyenituma.

"Niyang'oe?" nikauliza.

"Ukiyang'oa mbele yao nimekwisha. Nitakuwa nimeomba radhi kisha nikawanyang'anya."

"Basi waambie ni mimi. Sema dereva ni mgeni, hajui. Ni kweli tupu."

Mfukoni mwa koti alikuwa na hotuba, kurasa kadhaa za aliyoyafanya, bomba likiwa la kwanza. Aliitoa, akaitazama, akairudisha. Mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, dada yake alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, amevaa kitenge cha kanisani, hatazami pembeni. Nilimwona Mheshimiwa akimeza kitu ambacho kilikuwa kimemkwama miaka mitano. Kisha akasimama, akachomoa jani moja kwenye kioo cha upande wa dereva, akavuka uwanja peke yake.

Akampa kwa mikono miwili.

Mama yule alilitazama jani, akamtazama mdogo wake kuanzia mabuti hadi nywele. "Umechelewa miaka mitano," akasema, kwa Kiswahili, ili hata sisi wageni tusikie.

"Dereva wangu alipotea njia," akajibu.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Na yeye dada akacheka, akazuia, akashindwa, akaweka jani kifuani. "Haya. Nimepokea. Sasa maji."

Mheshimiwa hakusoma hotuba. Alisema maneno machache, kwamba bomba lilikuwa jema na chemchemi ilikuwa yao wote, na kwamba aliyachukua maji bila kuwauliza wenye zamu. Akaomba majembe.

Hapo ndipo mimi nilipoona tumeshindwa uchaguzi. Wenzetu walikuwa na pikipiki, bendera na wasanii kutoka mjini. Sisi tulikuwa mfongoni. Siku tatu kila wiki, wakati mgombea mwingine akihutubia sokoni au wapi sijui, wa kwetu alikuwa kwenye mtaro amekunja suruali, anachota tope pamoja na watu wazima aliowahi kuwapiga viboko darasani. Nao walilipiza.

"Mwalimu, shika jembe vizuri! Hujui kulima?"

"Wewe ulipata ziro kwenye somo langu, usinifundishe."

"Leo nasahihisha mimi. Hapo bado. Rudia!"

Kule juu kwenye chemchemi fundi alijenga kisanduku cha zege chenye midomo miwili, mmoja wa bomba na mmoja wa mfongo, na wazee wakapima kwa kijiti hadi wakaridhika. Wapinzani wetu walieneza kwamba mbunge wa zamani amekodi mganga kutoka Sumbawanga, ndiyo maana watu wamelainika. Mimi habari hiyo ilinipa hadhi kubwa. Wanawake sokoni waliniongezea ndizi bila kuomba, na hakuna aliyethubutu kuniibia spana.

Maji yalifika kwa dada siku chache kabla ya kura. Yalikuja kwanza kama ulimi wa tope ukisukuma majani makavu, na mijusi ikahama mbio. Mama alisimama kwenye mtaro pekupeku. Jioni aliniita, akanipa bakuli mbili, kila moja na sahani yake.

"Hii ni yako. Hii mpelekee. Mwambie imetoka kwangu."

Kura zilipohesabiwa matokeo yalibandikwa kwenye ukuta wa darasa, kama ilivyo kawaida. Jimboni alishinda, lakini kwa kubana, na tulisubiri kupata uhakika hadi tukachoka. Kijijini kwao hapakuwa na cha kubana. Mheshimiwa alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, amevaa miwani, akisoma safu moja tu. Walipotaka kumbeba juu, alivua viatu kwanza akanipa nishike.

Nilimwendesha miaka mitano yote. Bungeni Dodoma nilimsubiri nje na madereva wenzangu, tukilinganisha wabunge wetu kama watu wanavyolinganisha ng'ombe. Nilijifunza Kichagga cha kusalimia na cha kutukana. Sikuoa, sikujenga, lakini nilikaa, jambo ambalo mama yangu hakuliamini hata nilipompigia simu na kumsikilizisha mbege ikichemka.

Ulipofika uchaguzi uliofuata, Mheshimiwa alianguka mapema, kwenye kura za maoni, pale wanachama wa chama chake walipochagua nani wa kumsimamisha. Aliyemshinda alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Nilimpeleka nyumbani nikiogopa kumtazama. Karibu na Himo akaanza kucheka mwenyewe.

"Yule kijana nilimwandikia kwenye ripoti kwamba hana bidii," akasema. "Kumbe alikuwa anaitunza."

Alikuwa ameshapata alichokuwa anakitaka. Jioni ileile nilimkuta kwa dada yake, wanabishana kuhusu chumvi.

Mimi ndiye niliyebaki bila kazi ya kweli. Landrova ikawa ya kubeba ndizi kwenda sokoni, na nyayo zangu zikaanza kuwasha. Mheshimiwa alinipa eneo la kujenga, kweli, alinionyesha hadi mipaka. Nilizunguka siku mbili nikilitazama. Nikamwambia rafiki yangu mmoja yuko Tabora, ana karakana, nataka nikaone asali ya kule. Hakubishana. Mwalimu mzuri anajua mtoro akishaamua.

Asubuhi ya kuondoka, mama alinipa mche wa isale ndani ya kopo la maziwa.

"Panda popote utakapokaa."

"Kule nitampelekea nani, mama? Sina niliyemkosea."

"Usijali," akasema. "Wewe utakosea tu."

Mheshimiwa alisema leo yeye ndiye dereva. Nikakaa upande wake, upande wa heshima, na kopo langu magotini. Aliendesha vibaya sana. Na kwenye kila kilima alisimama. Hapa shemeji, pale mtoto wa shangazi, kule mzee wa kilabu aliyetaka kunishika mkono na kunipa kibuyu cha njiani. Kila mmoja aliniaga, kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu siku ya majani. Nilitazama saa, nikamtazama yeye.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana nilikuajiri."

Tulifika stendi ya Moshi basi likiwa limeshatoka getini. Mheshimiwa alipiga honi, akalipita, akaiegesha landrova mbele yake katikati ya barabara. Konda akashuka amefura, kijana wa milimani kwa lafudhi yake.

"Wewe mzee vipi? Unataka kutuua? Tuna ratiba!"

Mheshimiwa alinyoosha mkono, akachuma jani moja kutoka kwenye kopo langu, akampa kwa mikono miwili.

Konda akalitazama jani, akamtazama mzee, na ndipo alipomtambua. "Aa, shikamoo Mheshimiwa. Sasa hapo umenimaliza." Akalipokea, akalichomeka kwenye mfuko wa shati. Kisha akanigeukia, akachukua begi langu.

"Panda, dereva. Na hilo kopo lisimwage udongo kwenye siti."